Walioizika HD DVD ndio wanaoizika diski

Februari 2025 kampuni ya Sony ilisimamisha utengenezaji wa diski tupu za Blu-ray, aina ya diski iliyoifuata DVD, pamoja na MiniDisc na kanda za MiniDV. Habari hiyo ilipozunguka mitandaoni kwa siku chache ilikuwa imeshageuka sura: Blu-ray imekufa, Sony yenyewe imeizika, mtandao umeshinda. Hakuna hata moja kati ya hayo lililotangazwa. Diski zilizosimamishwa ni zile za kurekodia nyumbani, ambazo zilipendwa hasa Japani, ambako watu wana mazoea ya kurekodi vipindi vya televisheni kwenye mashine, kisha kuhamishia kwenye Blu-ray kile wanachotaka kukitunza. Diski ya filamu ni kitu kingine. Haichomwi kwa leza moja moja. Hupigwa chapa kiwandani, plastiki ya moto ikikandamizwa kwenye bamba lenye alama za filamu nzima kwa mkupuo mmoja. Kazi hiyo haikusimama, na filamu mpya ziliendelea kutoka kwenye Blu-ray na kwenye Blu-ray ya 4K.

Kuisoma vibaya habari moja si jambo kubwa. Lakini usomaji huu umejengwa juu ya imani iliyozoeleka mno, kwamba aina za diski huja na kuondoka kwa sababu watazamaji wamechagua. Tulisimuliwa hivyo kuhusu kanda za VHS na Betamax, tukasimuliwa hivyo kuhusu Blu-ray na mpinzani wake HD DVD, na sasa tunasimuliwa hivyo kuhusu diski na utiririshaji, yaani kutazama moja kwa moja kutoka mtandaoni: teknolojia mbili ziliingia uwanjani, watu wakatazama, iliyo bora ikabaki. Hoja yangu ni kwamba vita vya Blu-ray na HD DVD viliamuliwa na wenye filamu kabla umma haujachagua chochote, na kwamba moja ya mambo waliyoyapima kwa makini ni nani atakuwa na mamlaka juu ya nakala iliyo sebuleni kwa mtu. Wenye filamu hao hao ndio wanaoamua hatima ya diski leo. Mwaka 2008 mnunuzi aliambiwa achukue diski hii, aache ile. Sasa anaambiwa alipe bila kuchukua chochote, na sisi tunaita hayo maendeleo ya kiufundi.

DVD ilizaliwa kwa maridhiano. Mwaka 1995 kulikuwa na mapendekezo mawili yanayoshindana, moja la Sony na Philips, jingine la Toshiba na Time Warner. Kampuni za kompyuta, IBM ikiwa mstari wa mbele, zilikataa kuburutwa kwenye ugomvi huo na zikazishinikiza pande zote mbili zikubaliane. DVD ikaingia madukani Japani Novemba 1996 na Marekani mwaka 1997, na katika miaka michache ikawa bidhaa iliyoziingizia studio za Hollywood fedha nyingi ajabu. Kisha televisheni zikapanuka, picha zikafika mistari 1,080, na diski ya gigabaiti 4.7 kwa tabaka moja ikaanza kuonekana finyu. Dawa yake ilijulikana na kila fundi: kuacha leza nyekundu ya nanomita 650 na kuchukua leza ya bluu inayokaribia zambarau, ya nanomita 405. Wimbi fupi husoma alama ndogo, na alama zikiwa ndogo sahani ile ile ya sentimita 12 hubeba mambo mengi zaidi. Juu ya leza hapakuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa juu ya plastiki iliyo mbele ya leza.

Chukua diski ya Blu-ray, igeuze upande unaong'aa, iinamishe kidogo kwenye mwanga. Data ya filamu iko chini ya uso huo kwa milimita 0.1 tu. Kwenye DVD iko milimita 0.6 ndani, yaani katikati ya unene wa diski, na HD DVD iliiacha hapo hapo. Tofauti hiyo ya nusu milimita ndiyo iliyozaa kila kitu kingine. Data ikiwa karibu na uso, lenzi inaweza kuisogelea na kuukusanya mwanga kwenye kitone kidogo zaidi, ndiyo maana tabaka moja la Blu-ray hubeba gigabaiti 25 na la HD DVD 15. Matabaka mawili, 50 kwa 30. Lakini uso mwembamba namna hiyo hauna ulinzi. Mchubuko ambao DVD ingeupuuza unaweza kuiua Blu-ray, na diski za mwanzo kabisa za kurekodia huko Japani zilifungwa ndani ya makasha ya plastiki kwa sababu hiyo. Zilipata kutoka kwenye makasha baada ya kampuni ya TDK kutengeneza utando mgumu wa kuzipaka. Kwa upande wa viwanda, mitambo iliyokuwa ikipiga chapa DVD ingeweza kurekebishwa ikatoa HD DVD, ilhali Blu-ray ilidai mitambo mipya. Kambi moja ilikuwa na nafasi kubwa, nyingine ilikuwa na gharama ndogo. Kila moja ilikuwa na hoja ya maana.

Toshiba ilitangulia. HD DVD ilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa Machi 2006 na Marekani mwezi uliofuata, deki ya bei nafuu ikiwa dola 499. Deki ya kwanza ya Blu-ray nchini Marekani, ya Samsung, ilifika Juni kwa dola 999. Nyuma ya HD DVD walisimama Microsoft, Intel na studio ya Universal. Nyuma ya Blu-ray walisimama Sony na studio yake, Disney na Fox. Warner na Paramount wakauza kotekote. Deki za HD DVD zilikuwa na tundu la kuunganisha mtandao na uwezo wa kuonyesha picha ndani ya picha tangu siku ya kwanza, wakati deki za Blu-ray zilitolewa kwa mafungu, za mwanzo zikiwa hazina mambo hayo. Filamu nyingi za mwanzo za Blu-ray zilibanwa kwa mfumo wa zamani wa MPEG-2, tena kwenye diski za tabaka moja, zikatoka na picha iliyolalamikiwa na wapenzi wa sinema. Anayesema Blu-ray ilishinda kwa ubora anaitazama karatasi ya vipimo, hautazami mwaka 2006. Mwaka huo, kwa mtu aliyesimama dukani na fedha yake mkononi, HD DVD ilikuwa bidhaa iliyokamilika zaidi kwa nusu ya bei.

Blu-ray ilikuwa na nini, basi? Jibu la kawaida ni PlayStation 3, na ni jibu zuri. Kuanzia Novemba 2006 kila aliyenunua mashine hiyo ya michezo alikuwa amenunua deki ya Blu-ray, atake asitake. Microsoft iliiuza deki ya HD DVD ya Xbox 360 kama kifaa cha kuongezea, kwa dola 199 juu ya bei ya mashine, na wengi hawakuhangaika nayo. Mwaka 2007 diski za Blu-ray ziliuzwa kuliko za HD DVD, na PlayStation 3 ndiyo sababu kubwa. Silipingi hilo. Ninachokikataa ni kulichukua kama ushahidi kwamba watu waliichagua Blu-ray. Kijana aliyenunua mashine ya kuchezea mpira hakuwa amepima unene wa plastiki. Pale watu walipopewa nafasi ya kupima bei na bei, ilionekana vingine: Novemba 2007 Walmart iliuza deki ya Toshiba chini ya dola 100, na watu wakaigombania.

Jambo la pili ambalo Blu-ray ilikuwa nalo ni kufuli. Aina zote mbili zilitumia AACS, kinga dhidi ya kunakili, lakini Blu-ray iliongeza BD+, yaani programu ndogo inayokaa kwenye diski na kuikagua deki yako kabla ya kukuruhusu utazame, na ambayo studio ingeweza kuibadilisha pale wajanja wanapoivunja. Ikaongeza pia mipaka ya kanda za dunia. Dunia iligawanywa A, B na C. Afrika yote ikawekwa B pamoja na Ulaya, Mashariki ya Kati na Australia, hivyo diski iliyofungwa kwa kanda ya Marekani haichezi kwenye deki iliyonunuliwa Dubai. HD DVD iliingia sokoni bila mipaka hiyo. Ulinzi huu wa ziada ulikuwa sehemu ya kilichoivuta Fox upande wa Blu-ray. Mwaka 2005 Bill Gates alilalamika hadharani kwamba ulinzi wa Blu-ray umewapendelea wenye studio na kumbana mteja, na katika mahojiano hayo hayo akasema huu ndio utakuwa mfumo wa mwisho wa kushikika kwa mkono. Alikuwa na maslahi yake, maana Microsoft ilikuwa upande wa pili. Hata hivyo aliunganisha mambo mawili ambayo hadi leo wachambuzi wengi wanayatenganisha: nani ana ufunguo wa nakala, na nakala itaendelea kuwepo au la.

Tazama namna vita vilivyokwisha. Agosti 2007 Paramount na DreamWorks Animation walihamia HD DVD peke yake, na magazeti ya Marekani yaliripoti kuwa walivutiwa kwa motisha ya takriban dola milioni 150. Tarehe 4 Januari 2008, siku chache kabla ya maonyesho makubwa ya elektroniki ya Las Vegas, Warner ikatangaza kuwa itabaki na Blu-ray tu. Kambi ya HD DVD ikafuta mkutano wake na waandishi wa habari. Februari, Netflix na duka la Best Buy wakajitenga na HD DVD, Walmart ikafuata, na tarehe 19 Februari Toshiba ikasalimu amri. Studio iliamua, maduka yakafuata, kiwanda kikafunga. Mnunuzi haonekani popote kwenye mfuatano huo. Wakati huo familia nyingi za Marekani zilikuwa bado na DVD zao na zimeridhika nazo. Waliokuwa na deki ya aina yoyote kati ya hizi mbili walikuwa wachache. Watu wapatao milioni moja walionunua deki za HD DVD walibaki na mashine isiyo na filamu mpya, na hakuna aliyewauliza.

Kuna hoja tatu zinazotolewa kueleza kwa nini diski imefifia tangu hapo, na hazina uzito sawa. Ya kwanza inasema vita vyenyewe ndivyo vilivyoiua: watu waliogopa kununua upande utakaoshindwa, wakasubiri, na katika kusubiri kwao Netflix ikaanza kutiririsha filamu Januari 2007. Kuna ukweli ndani yake. Mwaka 2008 ulikuja pia na mtikisiko wa uchumi, na mtu anayehofia kupoteza nyumba hanunui deki mpya. Lakini mimi naona hasara ya vita hivyo imekuzwa. Huduma ya Netflix ya mwaka 2007 ilikuwa ya kompyuta, yenye filamu chache, na Blu-ray ilipata miaka kadhaa ya kutamba bila mpinzani wa kweli. Kilichoizuia zaidi ni kwamba DVD ilikuwa imewatosha wengi. Kutoka kanda ya VHS kwenda DVD mtu aliona mengi kwa mpigo: hakuna kurudisha kanda nyuma, hakuna picha inayotetemeka, unaruka hadi kwenye tukio unalolitaka. Kutoka DVD kwenda Blu-ray aliona picha safi zaidi, basi.

Ya pili, ambayo ndiyo dhaifu kuliko zote, inasema diski haina kazi tena kwa sababu picha ya mtandaoni ni ile ile. Si ile ile. Blu-ray ya kawaida inaruhusu hadi megabiti 40 za picha kwa sekunde, na ile ya 4K iliyoanza kuuzwa mwaka 2016 inaweza kupita megabiti 100. Netflix huwaambia wateja wake kuwa wanahitaji intaneti ya megabiti 15 kwa sekunde ili kutazama 4K. Idadi ya nukta kwenye kioo ni moja, ila kinachozijaza nukta hizo kimechujwa mara kadhaa. Mbinu za kubana zimeboreka sana, na kwenye tukio la watu wawili wamekaa mezani mchana huenda usione tofauti. Subiri tukio la usiku, moshi unapanda, au mvua inapiga baharini. Moshi unavunjika vipande vya mraba, na kiza kinapangika kwa mistari kama ngazi. Sauti nayo hupunguzwa. Wanaosema hakuna tofauti wanasema kwamba wao hawaijali, na hiyo ni haki yao, lakini kutojali kwa mtu hakufuti kipimo.

Hata hivyo sitaki kuitetea diski kwa picha. Watu wengi hutazama kwenye simu au kwenye televisheni ya inchi 32, na hawana sababu ya kusumbuliwa na hesabu za megabiti. Ndiyo maana hoja ya tatu, ile ya urahisi, inastahili heshima. Kwa bei ya mwezi mmoja mtu anapata filamu nyingi kuliko ambazo angeweza kununua mwaka mzima. Hakuna rafu, hakuna vumbi, hakuna mtoto anayekanyaga diski. Na lazima nikiri kwamba diski zenyewe si za milele. Machi 2025 kitengo cha video za nyumbani cha Warner kilikubali kuwa baadhi ya DVD zake zilizotengenezwa kati ya mwaka 2006 na 2008 zimeharibika zenyewe, tabaka likiachana na tabaka, hata kwa watu waliozitunza kwenye makasha yake, na kikaahidi kuzibadilisha. Diski nyingi za HD DVD za miaka hiyo hiyo zimeoza vilevile. Anayedai kuwa diski ni hazina isiyoguswa na wakati hajaitazama rafu yake hivi karibuni.

Lakini hebu tupime aina mbili za kupoteza. DVD inapooza, mwenyewe anaiona imeoza, nyingine elfu kadhaa za filamu hiyo ziko kwa watu wengine, na ana kitu mkononi cha kumrudishia aliyemuuzia. Filamu inapoondolewa kwenye jukwaa la mtandaoni, inaondoka kwa kila mtu kwa dakika moja, na sababu yake yaweza kuwa kodi, mkataba uliokwisha au mkurugenzi mpya. Hata neno kununua halikukingi. Desemba 2023 wateja wa PlayStation waliarifiwa kuwa vipindi vya Discovery walivyokuwa wamevilipia vitafutwa kwenye maktaba zao mwisho wa mwezi. Kelele zilipozidi, uamuzi ukaahirishwa. UltraViolet, mfumo ambao studio zenyewe ziliuanzisha ili mnunuzi wa diski apate pia haki ya kudumu mtandaoni, ulifungwa Julai 2019. Jimbo la California limelazimika kutunga sheria, inayotumika tangu Januari 2025, inayomtaka muuzaji wa bidhaa za kidijitali amwambie mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Sheria kama hiyo isingehitajika kama watu wangekuwa wanaelewa wanacholipia.

Mzizi wa jambo hili ni wa kisheria na ni wa zamani. Mwaka 1908 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi ya mchapishaji wa vitabu, kwamba aliyenunua nakala halali anaweza kuiuza tena kwa bei aitakayo. Mwenye haki miliki amekwishapata chake. Maktaba za kuazimisha filamu na maduka ya mitumba vilisimama juu ya kanuni hiyo, na hata Netflix ilianza kutuma DVD kwa posta mwaka 1998 bila kuomba ruhusa ya studio kwa kila azimo. Kanuni hiyo imefungamana na kitu kinachoshikika. Desemba 2019 mahakama ya Umoja wa Ulaya ilikataa kuitumia kwa vitabu vya kielektroniki vilivyokwisha kusomwa. Maana yake ni kwamba tunapohama kutoka diski kwenda mtandaoni hatubebi haki zetu tukahamia nazo. Huwezi kumwazima jirani, huwezi kuuza, huwezi kumwachia mwanao. Netflix yenyewe ilituma diski yake ya mwisho Septemba 2023, na sasa kila filamu inayoonyesha ni lazima iitengeneze au iikodi kutoka kwa mwenyewe, kwa masharti ya mwenyewe.

Ndiyo maana nasema wenye filamu ndio wanaoizika diski. Mauzo yameshuka, sikatai: mwaka 2024 mauzo ya filamu za diski Marekani yalianguka chini ya dola bilioni 1. Lakini mauzo hushuka pia pale bidhaa inapoondolewa machoni. Disney iliacha kuuza diski Australia mwaka 2023, na mwaka uliofuata ikaikabidhi Sony kazi ya diski zake Amerika Kaskazini. Best Buy, duka lile lile lililosaidia kuimaliza HD DVD, lilitoa filamu kwenye rafu zake mwaka 2024. Samsung na LG wameacha kutengeneza deki. Zipo filamu na tamthilia nyingi za majukwaa ya mtandaoni ambazo hazijawahi kutolewa kwenye diski hata moja, hivyo mtu anayetaka kuzinunua hana pa kwenda. Mteja hawezi kusemwa amekataa kitu ambacho hakikuwekwa mezani.

Wanaojibu kwamba studio zitazitunza zenyewe wakumbuke historia yao. Utafiti uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulionyesha kuwa kati ya filamu ndefu bubu karibu 11,000 zilizotolewa na studio za nchi hiyo, ni asilimia 14 tu zilizosalia katika hali yake ya asili. BBC ilifuta kanda za vipindi vyake vingi miaka ya 1960 na 1970 ili izitumie tena au ipate nafasi ya kabati. Oktoba 2013 ilitangazwa kuwa vipindi 9 vya tamthilia yake ya Doctor Who vilivyodhaniwa vimepotea vimepatikana katika mji wa Jos, Nigeria, vikiwa kwenye makopo ya filamu yaliyopelekwa huko kwa ajili ya kurushwa hewani. Havikuokolewa na mwenye mali. Viliokolewa na ukweli kwamba nakala zilikuwa zimetawanyika, na kwamba mtu fulani mbali na London hakuitupa yake.

Kwetu Afrika Mashariki Blu-ray haikuwahi kuota mizizi. Tulitoka kwenye VHS tukaingia kwenye VCD, ambayo ilibeba dakika 74 tu kwa diski, tukaja DVD, kisha flashi. Lakini diski kwa ujumla ilitugusa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu sinema yetu ya Kiswahili ilijengwa juu yake. Filamu za Tanzania za zama za Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, hazikwenda kwanza kwenye majumba ya sinema. Zilikwenda moja kwa moja sokoni kwenye VCD na DVD, mara nyingi sehemu ya kwanza na sehemu ya pili zikiuzwa mbalimbali, wasambazaji wa Kariakoo wakizisambaza hadi mikoani. Uharamia ulikuwa mkubwa, na wasanii walilipwa kidogo. Pamoja na hayo yote palikuwa na kitu: muuza duka wa Kigoma alikuwa na nakala, mwenye kibanda umiza, banda la kuonyeshea video, alikuwa na nakala, mama wa Mombasa alikuwa na nakala kwenye droo ya chini ya televisheni.

Leo ingia kwenye banda la muvi mtaa wowote wa Dar es Salaam. Kuna kompyuta moja, diski kuu ya nje (hard disk) iliyofungwa kwa raba, na orodha ya filamu iliyoandikwa kwa kalamu ya wino kwenye daftari la mistari. Unatoa flashi yako, unataja unazotaka, kijana anazimwaga humo, unalipa. Wengine huuita huo wizi, na kisheria ni kweli. Lakini ukiuliza filamu ya Kiswahili ya mwaka 2008 iko wapi, huenda ikawa kwenye diski kuu hiyo, au YouTube, imepakiwa na mtu aliyechomeka DVD yake ya zamani kwenye kompyuta, alama za michubuko zikionekana. Kumbukumbu ya sinema yetu imeshikwa na watu wasio na mkataba na yeyote, kwa sababu diski ilifika mikononi mwao kabla ya kutoweka sokoni.

Majukwaa ya nje hayatatufanyia kazi hiyo. Netflix ilifika nchi za Afrika Januari 2016. Septemba 2021 ikawapa Wakenya huduma ya bure ya kutazama kwenye simu za Android, na Novemba 2023 ikaiondoa. Ilikuwa haki yake kibiashara, na hakuna Mkenya aliyekuwa na la kusema. Ongeza gharama ya bando. Kwa makadirio ya Netflix yenyewe, saa moja ya picha ya HD hula takriban gigabaiti 3, na ya 4K hadi gigabaiti 7, na kila ukirudia kutazama unalipa upya. Familia inayorudia filamu moja ya katuni mara nyingi kwa mwezi, kama familia zote zenye watoto wadogo, ingeokoa fedha ya kweli kwa diski moja.

Sidai kwamba tuamke kesho tukanunue deki za Blu-ray, wala kwamba utiririshaji urudi ulikotoka. Ninachodai ni kwamba nakala ya kushikika iwe sehemu ya makubaliano, iwe kwenye diski, kwenye flashi au kwenye faili isiyo na kufuli. Sheria za haki miliki za Tanzania na Kenya zikifanyiwa marekebisho, ziseme wazi ni nini anachopata mtu anayebonyeza kitufe cha kununua filamu, na atarudishiwa nini ikiondolewa. Na watayarishaji wetu wana nafasi ambayo mtazamaji hana. Anayemaliza filamu Dar es Salaam au Nairobi na kuiuza kwa jukwaa la nje anaweza kubakiza kwenye mkataba haki ya kutoa nakala zake mwenyewe baada ya miaka kadhaa, na ya kuweka moja kwenye maktaba ya taifa tangu siku ya kwanza. Kipengele hicho hakizidi mistari miwili, na wakati wa kukidai ni kabla ya kusaini.